Mikoko ya Daktari Zuhura

Mimi ndiye mtu aliyempandisha mama mkwe wake juu ya mkokoteni uliozama kwenye tope la ziwa, mbele ya mgeni, mbele ya Mtendaji wa kijiji na mbele ya wazee wote wa ukoo, halafu ikanibidi nieleze kwa sauti ni kwa nini yuko pale. Nayasema haya mapema ili mtu asije akasema nimeficha. Kila ninapopita Katesh sokoni kuna anayenikumbusha, kwa hiyo ni afadhali myasikie kwangu mimi mwenyewe kuliko kwa wale wanaoongeza chumvi.

Mimi ni Mwiraqw wa Tumati, huko Mbulu, ila nimeolewa huku Hanang upande wa Gehandu, kwa Wabarbaig, na Kibarbaig nilifundishwa na mama mkwe. (Alinifundisha kwa kukataa kusema nami kwa lugha nyingine yoyote mpaka nilipojifungua Ema, kwa hiyo utaona mwenyewe kwamba nilijifunza haraka.) Kiswahili nilikipata shuleni, nikaishia darasa la saba. Basi kwa kuwa nina lugha hizo tatu, watu wananiona kama mtu mwenye akili sana, na mimi, ukweli usemwe, nilikuwa nimeanza kuwaamini.

Chini ya kijiji chetu kuna ziwa dogo. Zamani kandokando yake kulikuwa na matete mengi, sasa pamebaki udongo mtupu uliokanyagwa na ng'ombe, na kila masika udongo huo unaingia majini na ziwa linazidi kuwa na kina kifupi kama karai. Mwaka ule tukasikia anakuja mtafiti kutoka pwani, Daktari Zuhura, ambaye kwao kazi yake ni kusaidia watu kurudisha fukwe zilizoharibika, na sasa alitaka kuona kama yale waliyojifunza baharini yanaweza kufaa kwenye ziwa kama letu. Alitaka kuzungumza na wazee, maana ardhi ya kando ya ziwa ni ya malisho, na bila wazee kukubali hakuna kitakachofanyika.

Hapo pana jambo zito ambalo lazima mlijue. Wazee wetu hawapendi watu wanaokuja na magari kuzungumzia malisho. Walishawahi kuja wengine wakasema maneno matamu, wazee wakaitikia kwa kichwa, na baadaye ikaonekana kwamba waliitikia kitu kingine kabisa, na malisho yakaenda. Kwa hiyo mkalimani katika mkutano kama ule si mtu wa mapambo. Kwa kawaida anayetafsiri ni katekista wetu, mtu makini, anayekunja uso kwenye kila neno, lakini siku hiyo alikuwa na msiba Babati. Tena ilikuwa siku ya mnada, vijana wote wanaojua Kiswahili vizuri walikuwa wamepeleka mbuzi mnadani. Mtendaji mwenyewe ni mtu wa Kondoa, Kibarbaig anajua salamu tu. Akaja nyumbani kwangu.

"Mama Ema, utatusaidia kutafsiri?"

"Bila shaka," nikasema, nikaenda kubadilisha kilemba.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi. Wazee walikaa mbele kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa vifua, fimbo zimelala juu ya meza, na mbele kabisa alikaa Mzee Gidamis, ambaye ndiye mkubwa wao, na nyuma walikaa akina mama pamoja na mama mkwe wangu. Daktari Zuhura alikuwa mama wa makamo, mpole, amevaa baibui jeusi na raba. Akaingia akasalimia, "Shikamooni wazee wangu," wakaitikia, nami nikaona mambo yataenda vizuri.

Sasa Kiswahili cha yule mama, ndugu zangu. Kiswahili ni kilekile, lakini chake kilikuwa kinateleza kama maji kwenye bati, maneno hayagongani, ukishika moja matatu yameshapita. Akaanza kueleza habari za kwao. Bahari nikaitafsiri kama ziwa kubwa lisilo na upande wa pili, wazee wakaguna vizuri tu. Ndipo akasema:

"Kwetu sisi, mikoko ilikatwa sana. Watu wakajengea, wengine wakachomea chokaa. Ilipokwisha, bahari ikaanza kula ardhi, ikafika mpaka majumbani."

Mikoko. Nikasimama hapo. Mimi mkoko siujui. (Watu wameniambia baadaye kwamba iko kwenye vitabu vya jiografia vya shule ya msingi. Inawezekana. Siku walipofundisha mikoko mimi nilikuwa nachunga mbuzi wa babu.) Ningeweza kumgeukia nikamwambia, samahani Daktari, mkoko ni kitu gani. Maneno machache tu hayo. Lakini wazee wote walikuwa wananitazama mdomoni, kilemba changu kilikuwa kipya, na mama mkwe alikuwa amekaa pale nyuma akiwaonyesha wenzake kwa kidevu kwamba yule ni mke wa mwanangu. Nikajiambia mikoko itakuwa mikokoteni, watu wa pwani wanapenda kufupisha maneno. Nikatafsiri kwamba huko kwao watu walikatakata mikokoteni yao, wakajengea nyumba, nyingine wakaichoma, na ilipokwisha yote lile ziwa kubwa likaja likaingia majumbani.

Wazee wakatazamana. Mzee Gidamis akasema taratibu, "Mtu anayechoma mkokoteni wake hawezi kuishia pazuri." Nikamgeukia Daktari nikasema, "Anasema ni jambo la kusikitisha," naye akamwinamia kichwa kwa heshima.

Akaendelea. "Basi akina mama wakasema yatosha. Sasa kila maji yanapotoka utawaona wanashuka matopeni, wanapanda mikoko."

Mnaona wenyewe mtego ulipo. Nikatafsiri kwamba maji yakipungua, wanawake wa huko wanashuka kwenye tope na kupanda juu ya mikokoteni. Nyuma kukawa na minong'ono, na mama mkwe akanyoosha mkono akauliza, "Wakishapanda, wanafanya nini?" Lilikuwa swali la busara, na mkalimani mwenye akili angelipeleka kwa mwenyewe. Mimi nililijibu papo hapo. Nikasema, "Wanakaa."

Daktari akasema mikoko michanga inaanza midogo kisha inakua mikubwa, nami nikasema wanaanza na mikokoteni midogo, wakipata nguvu wanatafuta mikubwa. Akasema mizizi yake inatokeza juu ya tope na inashika udongo usiondoke, na humo ndani samaki wanazalia. Hapo jasho lilinitoka, maana hata mimi najua mkokoteni hauna mizizi, lakini nilikuwa nimeshafika mbali mno kurudi nyuma, ni kama mtu aliyevuka nusu ya mto. Nikasema magurudumu. Nikasema magurudumu ya mikokoteni yao yanazama nusu kwenye tope, yanazuia udongo, na samaki wanaingia kwenye magurudumu kuzaa.

Jambo la ajabu ni kwamba yaliyowahusu ng'ombe niliyatafsiri sawasawa. Daktari aliposema anaomba kipande kimoja cha kando ya ziwa kipumzike, kizungushiwe miiba, ng'ombe wasiingie mpaka matete yarudi, na kwamba njia ya kunyweshea ibaki wazi na wazee wenyewe ndio watakaosema ipite wapi, nilitafsiri neno kwa neno. Mzee Gidamis aliuliza maswali makali, akajibiwa, na hata mimi niliona moyo wake unalegea, mpaka wazee wakakubali kutoa upande wote wa mashariki. Mwisho Daktari akasema tukutane kesho asubuhi ziwani, atakayeweza aje, tuangalie pa kuanzia, "ili nanyi mrudishe uoto wenu kama sisi tulivyorudisha mikoko yetu."

Mzee Gidamis akaniuliza, "Kwa hiyo tuje na mikokoteni?"

Na mimi, sijui ni shetani gani, wala sikumtazama Daktari. Nikasema, "Nadhani itahitajika."

Usiku wote nililala vizuri. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma zaidi nikikumbuka, kwamba nililala vizuri, na asubuhi nilimwona Baba Ema akiupaka mkokoteni wetu grisi nikamsifu. Akaondoka na mama yake mapema, mimi nikabaki nimngojee Mtendaji na Daktari wanipitie na gari.

Tulipokata kona ya mwisho na ziwa likaonekana, Mtendaji alipunguza mwendo bila kuambiwa. Kijiji kizima kilikuwa pale. Mikokoteni ya punda, mikokoteni ya maksai, mingine imetoka vitongoji vya mbali ambako habari ilikuwa imefika ikiwa imenona zaidi, imepangwa mstari mmoja kufuata ukingo, magurudumu yamesukumwa ndani ya tope mpaka nusu, kama nilivyoeleza. Na juu ya mikokoteni hiyo wamekaa akina mama. Wametulia kabisa, mikono juu ya magoti, wanatazama maji. Katikati yao alikuwa mama mkwe wangu, amevaa ile sketi yake ya ngozi ya sherehe ambayo huwa inatoka sandukuni kwenye harusi tu, shanga zote shingoni, na mkokoteni wake (wetu, ule wa grisi) ulikuwa umezama kuliko yote.

Daktari Zuhura akashuka garini. Akatazama kwa muda mrefu, akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mama Ema, hawa akina mama wanafanya nini?"

Nikamjibu kwa kujiamini, "Wanapanda mikoko, Daktari."

Hakucheka. Mtendaji ndiye aliyetoa mlio kama mtu aliyepaliwa na ugali, akaenda kusimama nyuma ya gari. Daktari akatoa simu yake, akatafuta picha, akanipa. Ilikuwa miti. Miti ya kijani kibichi imesimama ndani ya maji, mizizi yake imejipinda juu ya tope kama miguu ya kuku aliyechuchumaa, na wanawake wamevaa kanga wameinama wanachomeka miche. Niliitazama picha ile nikasikia masikio yanawaka moto. Mizizi ya kweli kabisa. Nikasema, "Kumbe ni miti."

"Ni miti," akasema. Kisha akafikiri kidogo, na uso wake ukawa wa mtu mwenye wasiwasi kweli. "Mama Ema, jana wazee walikubali. Lakini walikubali maneno gani? Kama hawakuyasikia maneno yangu, basi sina ruhusa yao. Siwezi kuanza kazi kwa ruhusa ya namna hiyo."

Hapo ndipo nilipoacha kuona aibu yangu nikaona kubwa zaidi. Nikawakumbuka wale wa zamani na maneno yao matamu. Kama wazee wangesema tumedanganywa tena, safari hii aliyewadanganya angekuwa mke wa mtoto wao, na ziwa lingebaki vilevile mpaka likauke. Nikamwambia Daktari kwamba nitawaeleza mimi mwenyewe. Akasema, "Eleza, halafu tuanze mwanzo. Nami nitasema polepole. Usipolijua neno, nisimamishe."

Lakini kwanza ilibidi akina mama washuke, na magurudumu yalikuwa yameshikwa na tope. Wengine walishuka wenyewe wakipandisha nguo. Mama mkwe hakuweza, kwa sababu ya ile sketi, kwa hiyo Baba Ema aliingia kwenye tope mpaka mapajani akambeba mama yake mgongoni, na katikati ya njia akasimama kupumua, na pale mgongoni mama mkwe akanitazama mimi niliyekuwa nchi kavu na viatu safi. Nikavua viatu nikaingia kumshika mkono. Nilianguka mara moja. Hakuna aliyenionea huruma, na ilikuwa haki.

Walipokusanyika nikasimama mbele ya Mzee Gidamis, tope limenifika kiunoni, nikamsalimia upya, nikasema, "Baba, jana kuna neno sikulijua, nikaona aibu kuuliza, nikaweka la kwangu. Watu wa pwani hawakuchoma mikokoteni. Walikata miti inayoota baharini. Miti hiyo ndiyo waliyoipanda tena. Huyu mama hana kosa, kosa ni langu." Nikampa simu atazame picha. Ikapita mkono kwa mkono mpaka ikamfikia mama mkwe wangu. Akaiangalia kwa muda akairudisha.

"Nilijiuliza usiku kucha," akasema, "samaki anaingiaje kwenye gurudumu."

Ndipo watu walipocheka. Walianza akina mama, kisha wazee, Mzee Gidamis alicheka akiwa ameegemea fimbo yake bila kutoa sauti, mabega tu yakicheza, na Daktari Zuhura ambaye alikuwa amejizuia tangu alipotoka garini akakaa chini kwenye nyasi akajifunika uso kwa mtandio. Mimi nililia kidogo halafu nami nikacheka, sikuwa na la kufanya.

Lakini kicheko hakikuwa jibu, na Daktari alilijua hilo. Akasimama akaanza upya, sentensi fupi fupi, na mimi nikamsimamisha kila niliposita. Nikamuuliza uoto. Nikamuuliza kupwa na kujaa. Nilimuuliza hata neno "ukanda", na nilikuwa nalijua, nilitaka tu uhakika. Ilichukua muda mrefu, jua likawa kali, na hakuna aliyeondoka. Alipomaliza, Mzee Gidamis aliuliza swali moja tu ambalo jana hakuliuliza.

"Hiyo miti yenu ya majini, ng'ombe wanaila?"

"Wakiipata wanaila, baba," akasema Daktari. "Na sisi tuliwazuia kwa muda, mpaka ikakomaa."

"Na wenye ng'ombe walisemaje?"

"Walikasirika. Mwaka wa kwanza walinikasirikia sana. Sikuja kukuficha."

Mzee akageuka akazungumza na wenzake pembeni. Sisi tulisubiri, mimi nimeshika viatu mkononi kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Walirudi na jibu lao, na halikuwa lile la jana. Jana walikuwa wamekubali upande wote wa mashariki. Leo walitoa kipande kidogo tu, kutoka kwenye mwamba hadi mdomo wa korongo, kwa masika moja, kisha wataangalia kwa macho yao. Mtendaji alionekana kusikitika, ila Daktari Zuhura alishukuru kama mtu aliyepewa kikubwa. Aliniambia baadaye kwamba hicho kipande kidogo anaweza kukisimamia mbele ya mtu yeyote, kwa sababu waliokitoa wanajua wametoa nini.

Na kwa kuwa mikokoteni ilikuwa pale tayari, na maksai wapo, na kila mtu ameshapoteza asubuhi yake, Mzee Gidamis akasema haifai irudi nyumbani mitupu. Waliivuta kutoka kwenye tope, wakapanda mlimani kukata miiba, na kabla jua halijazama kipande chetu kilikuwa kimezungushiwa ua wote, kazi ambayo Mtendaji alikuwa ameipangia wiki nzima. Daktari alibeba miiba mpaka mikono ikachubuka. Jioni mama mkwe akamletea maziwa, akamfundisha jina la maziwa kwa Kibarbaig, na hakumruhusu anywe mpaka alitamke vizuri.

Masika yalipopita matete yalianza kutoka, membamba kama nywele za mtoto, halafu yakajaa, na bata maji ambao tulikuwa tumewasahau wakarudi. Mimi watoto wa shule wananiita Mama Mikoko. Naitika. Nimekwishajiapiza kwamba sitatafsiri tena neno nisilolijua, hata kama kilemba ni kipya kiasi gani, hata kama aliyekaa mbele yangu ni nani, maana aibu ya kuuliza inakwisha ukishajibiwa, na ile ya kutouliza bado wanaisimulia mnadani.

Daktari alirudi mwaka uliofuata kuangalia, tukakutana tena kwenye lile darasa, na wazee wakaomba nitafsiri mimi, ingawa katekista alikuwepo. Akaeleza kwa furaha kwamba kule kwao mikoko imestawi na sasa hata kamba wamerudi kwa wingi. Wazee wakanitazama. Mimi kamba naijua tangu utotoni, nimefungia ndama na nimefungia kuni. Lakini nikanyoosha mkono.

"Samahani Daktari. Kamba ni nini?"

Akanieleza kwa makini, hadi kwa kuchora ubaoni, nami nikawageukia wazee na kutafsiri kila kitu kwa usahihi: kwamba ni mnyama mdogo wa majini, mwenye miguu mingi na sharubu ndefu kuliko mwili wake, na macho yake yamesimama nje ya kichwa, na ukimchemsha anakuwa mwekundu, na watu wa pwani wanamla na kumsifia.

Mzee Gidamis akamtazama katekista. "Njoo ukae hapa mbele," akamwambia. "Huyu ameanza tena."